Kasonia, Sikio la Tuyo Letu

Miaka makumi mbili na tisa Papa Siméon Kasonia ametumikia mutambo wetu wa umeme wa maji, hapa kando ya Butembo. Tarehe 31 Mei 2003 anapumzika kazi. Mimi Nassoro, musaidizi wake, nimefika Kampala, Kisangani na hata Dubai, na sijaona mwenye kupima chuma kama yeye.

Kazi yake: kupeleka sauti ndani ya chuma cha tuyo, bomba kubwa lenye kushusha maji, na kusoma kwenye kioo cha mashine namna inarudi, ili kujua unene wa chuma na kama kuna ufa. Sauti hiyo haipiti hewani, lazima kupaka mafuta kwanza. Na tuyo ni mviringo. Kichwa cha mashine, bapa, kinayumba juu yake kama mulevi juu ya baiskeli. Papa alikichongea kiatu cha plastiki kwa tupa ya kunolea jembe, kikatulia.

Vita ilipokata barabara, mafuta ya mashine yaliisha. Tukapaka mawese ya Beni. Novemba 2001 tuyo lilikuwa limefungwa maji, na chini ya kona yake wakimbizi wa Eringeti walikuwa wamejenga vibanda. Asubuhi moja komanda akafika na askari: anataka umeme leo. Nikapanda, nikapima kona. Kioo kitulivu, hapana ufa. Nikapiga kelele: “Chuma ni kizima, mufungue!”

Papa akasogea. “Nassoro, ufa hapana. Mais ile sauti ya kurudi kutoka upande wa ndani iko wapi? Chuma hakijajibu kitu.”

Baridi ilikuwa imegandisha mawese, sauti haikuingia chumani. Komanda akakoki bunduki. Papa akaweka chupa ya mawese kwapani, akangoja ipate moto. Nusu saa! Nilisoma dua zangu zote, nikaazima na Salamu Maria.

Mawese yakalainika, akapaka, akapima tena. Chuma cha milimita kumi kilikuwa kimebaki mbili. Komanda akasema ni uongo. Papa akamujibu:

“Basi tufungue, mukubwa. Mimi na weye tukae pale chini na bale batoto.”

Komanda akatazama kona, akatazama vibanda, akaondoka akitutukana.

Wiki tatu Butembo ilikaa gizani ikimulaani Papa. Tulipokata kile kipande cha kona, Mama Virginie, karani wa bureau yetu, alikitoboa kwa bisibisi.

Familia zile zingali pale chini. Na kuanzia Jumatatu mashine ni yangu, mimi niliyesema mufungue.

Aksanti sana, Papa. Uende kwenu Kipese na amani, viazi vinenepe, mugongo upone, wajukuu wakuchoshe kwa kicheko. Mais usijenge mbali na barabara: kioo kikinyamaza, nakuja kukuchukua na pikipiki.