Mweupe wa Pembe Moja

Mwadila wanajumuiya, na wakubwa zangu shikamooni. Mwenyekiti kaniomba niwe mfupi. Nimemwitikia, ingawa ananijua. Kwa wageni, mimi ni Mama Minza wa hapa Segese, na Minza mwenyewe ni yule anayesinzia benchi la nyuma. Ana kifafa tangu mdogo. Anameza dawa asubuhi na jioni, na akizikosa anaanguka.

Mimi nilianguka na bodaboda barabara ya Kahama, kichwa kikapiga chini, nikazindukia hospitali. Mwili ulipona, ila kichwa kikabaki na kituko chake: ya zamani yote yapo, ya leo hayakai. Ukiniuliza nani alinifundisha darasa la pili, nakutajia. Ukiniuliza kama mboga nimeitia chumvi, nakutazama tu. Haya, chekeni. Siku moja nilimpa Minza dawa, nikasahau, nikampa tena. Alilala kutwa nzima, namtikisa haamki. Nilimbeba mpaka hospitali huku nalia njia nzima.

Habari zikafika Ushirombo kwa wakwe zangu. Wapo waliosema nimerogwa. Mama mkwe hakusema hivyo, alisema tu kwamba pamba ikishauzwa ukoo utakaa kikao, na mtoto atahamia kwake. Mume wangu yuko kwenye maduara huko Geita, anachimba dhahabu. Nilimpigia simu. Akajibu kwamba mama ameshasema, yeye aongeze nini?

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ile sikuwahi kuijua. Nikawa silali. Nakesha najiuliza, nimempa, sijampa, nimempa. Na kadiri nilivyokesha ndivyo nilivyozidi kusahau.

Huko Kolandoto ninakohudhuria kliniki kuna dada mmoja muuguzi. Hakuniuliza nimesahau nini, aliniuliza nakumbuka nini. Nikamwambia nakumbuka ng'ombe wa baba. Kwetu jioni mifugo ikiisha kuingia, baba alikuwa anatugeuza sisi watoto tulipe zizi mgongo, tumtajie nani ameingia na nani bado. Kuhesabu hakutaka, alitaka kila ng'ombe kwa sura yake. Kesho yake anauliza tena. Kisha anakaa kimya siku kadhaa, mnadhani kasahau, anauliza ghafla mnakula. Nikamtajia yule dada wote, kuanzia mweupe wa pembe moja aliyekuwa hakubali kutanguliwa.

Akacheka, akasema baba yangu alikuwa mwalimu. Akanieleza kuwa ukitaka jambo likae muda mrefu, kulisikia mara nyingi hakutoshi, lazima ulivute mwenyewe kutoka kichwani, leo, kesho, na tena siku zikishapita. Kwamba ukilala ndipo ubongo unayatuliza ya mchana, kwa hiyo kukesha kwangu kulikuwa kunanimaliza. Nilidhani namlinda mtoto, kumbe! Halafu akasema neno ambalo mpaka leo ninalo.

"Mama Minza, mengi hujayasahau. Hayakuingia kabisa. Mkono ulikuwa unampa dawa, akili iko Ushirombo kwenye kikao. Ng'ombe aliyelala porini utamtafutaje zizini?"

Akanipa kijikasha cha vidonge, chumba cha asubuhi na chumba cha jioni, akanikataza kutegemea kichwa peke yake. Na akanishauri mambo mapya niyafunge kwa ng'ombe wangu wa zamani. Basi nikimpa Minza dawa ya asubuhi naacha kila kitu, nasimama, namwona kichwani mweupe wa pembe moja anaingia zizini na kidonge kwenye ulimi. Jioni ni zamu ya fahali mweusi. Kabla ya kulala nakumbuka kwanza, kisha nafungua kijikasha kuhakiki. Mwanzoni nilikosea mpaka nikakirusha kile kijikasha uani. Jirani yangu mmoja wa jumuiya hii, niliyekuwa nimemsimulia ng'ombe wangu, alikiokota, akakifuta, akaniuliza, haya, nani kaingia?

Siku ya kikao ikafika. Basi likaharibika njiani, tukafika Ushirombo giza linaanza, wazee wameshakaa. Sijamaliza hata kuwaamkia, Minza akaanguka. Tukampakia bodaboda mpaka zahanati, mkoba na kijikasha vikabaki kwa mama mkwe. Degedege likamwachia, lakini hakuwa ameamka vizuri. Mganga wa zamu akataka kujua leo amemeza dawa mara ngapi na saa ngapi, maana hawezi kumwongezea kwa kubahatisha.

Kila mtu akanitazama mimi. Mama mkwe yuko mlangoni, wifi yuko kando yake. Nikafumba macho, nikaligeuzia zizi mgongo. Mweupe wa pembe moja kaingia, ndiyo, alfajiri, Minza anakunywa uji, kikombe cha bluu. Fahali mweusi? Nikamtafuta kwenye basi, nikamtafuta getini kwa wakwe. Hayupo. Na nikajua nikilisema hilo mbele yao, nimewapa mtoto.

"Ya asubuhi nilimpa kabla hatujapanda basi. Ya jioni sijampa."

Wifi aliguna. Akatumwa kufuata mkoba. Nilingoja nikiwa nimemshika Minza mguu. Kijikasha kikafunguliwa: asubuhi hakuna kitu, jioni vidonge vimo. Minza alipozinduka vizuri, mganga akampa.

Mama mkwe akakifunga kijikasha, akanirudishia mkononi, akasema, "Niliyekuwa namwogopa ni yule asiyejua kama amempa. Wewe umejua. Rudi na mwanao."

Namshukuru Mungu, namshukuru yule dada, na wewe jirani uliyeniuliza kila jioni bila kuchoka, sikutaji lakini umejijua. Wengine nawaomba hili: mwenye kusahau msimcheke na msimkatie tamaa. Muulizeni, mumpe muda atafute mwenyewe. Na mumwache alale.

Minza ameamka, naona. Jioni imekaribia, nami naenda kukaa. Yule mweupe aliingia asubuhi. Sasa namsubiri mweusi.