Mzee Ngoja Anaiacha Stoo, Sakafu ni Kavu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mtunza stoo wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko. Humu karakanani ni Mzee Ngoja, na ukimwita vingine hageuki. Jarida lilimtaka mkuu wa karakana aandike habari zake, akaandika mistari minne, mitatu ikiwa salamu. Nikamwambia lete hiyo karatasi. Mimi nafagia hapa miaka ishirini na minane, na oili ikimwagika ninayeifuta ni mimi. Habari za filta nazijua kwa magoti.

Alianza kwa kubeba matairi, ndipo akapewa stoo: chumba cha hatua sita kwa nne, rafu mpaka darini, dirisha moja na kaunta ya bati. Pale ndipo zinapotoka filta za oili za magari ya taka, ya maji na lile la wagonjwa. Nyie madereva mkifika dirishani mnasema nipe filta, kama mnaomba kiberiti. Yeye hujibu neno moja tu: ngoja. Anataka kwanza ile kuukuu uliyoifungua. Anazilaza zote mbili kauntani, anapima mpira kwa mpira, anajaribu nyuzi za tundu la kufungia, anachungulia ndani kama kile kimpira cha kuzuia oili isirudi chini kipo. Kisha anasoma namba kwenye kitabu cha gari, tarakimu moja moja, kidole kikitembea. Ukikohoa, anaanza upya.

Neno hilo hakuzaliwa nalo. Mwaka wake wa saba, dereva wa gari la wagonjwa, huyu huyu tunayemwita Mbio, alimpigia honi mlangoni bila kupumzika. Mzee akatoa filta kwa macho. Kopo rangi ileile, urefu uleule, na kujifunga ikajifunga. Mpira ndio ulikuwa mwembamba kidogo. Gari likamwaga oili njiani, injini ikakwama, na ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu. Lori la mboga lililokuwa likipita ndilo lililomfikisha hospitali, akajifungua salama. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Watu walitaka lawama zimwendee fundi aliyeifunga. Mzee akakataa. Akaiweka filta ile kauntani, akaiandika kwa rangi nyeupe: Hii niliitoa mimi. Imekaa pale miaka ishirini na minne, naipangusa vumbi kila Jumatatu. Tangu siku hiyo gari la wagonjwa halijasimama njiani kwa ajili ya filta. Kama unabisha, njoo uulize sakafu.

Mwezi uliopita akaletewa binti wa kushika nafasi yake, katoka chuo cha ufundi, mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Mzee akaanza kuacha chai ipoe. Nikamuuliza ana nini.

"Dada, namba anazijua kunishinda," akasema. "Ila sijui kama ataweza kumwambia mtu mzima asubiri."

Hapo nami nikaingiwa na shaka, maana binti mwenyewe hata mimi hunipisha mlangoni na ndoo yangu.

Jumanne Mbio akaja, ana mvi sasa, honi ni ileile. Mzee akanyoosha mkono rafuni, akatoa boksi lenye namba sahihi kabisa, akampa Mbio.

"Ngoja, babu," binti akamwambia Mzee.

Mbio akamtazama. "Wewe, unajua unamwambia nani?"

"Najua. Shikamoo yake nilimpa asubuhi. Ngoja."

Akalichukua boksi, akalifungua. Ndani filta ya gari la maji. Kuna mtu, na nitamjua tu, aliirudisha kwenye boksi lisilo lake.

Mzee anawatangazia wote kwamba alimtega binti. Mimi nilikuwa nimesimama pale na tambara, uso wake niliuona. Hakumtega mtu. Lakini alicheka mpaka akakaa juu ya pipa, akavua ufunguo shingoni, akauweka kauntani siku tatu kabla ya siku yake.

Ile filta yenye maandishi alitaka aende nayo nyumbani. Binti amemwomba aiache, na itabaki.

Ahsante kwa kazi, kaka. Umetuchelewesha miaka yote hiyo na tumefika. Mkeo, fundi cherehani, nimeshamwonya: ukimwambia ngoja chakula kikiwa mezani, akunyime. Kaa kwako, ule, upumzike, uwe na afya njema, na stoo usiiwaze. Jumatano asubuhi nilipita na fagio chini ya gari la wagonjwa. Pakavu.