Bi Torbjørg na Ukuta Wenye Rangi Mpya

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, mimineni kahawa. Leo tunamkumbuka Bi Torbjørg Nesheim, aliyetutoka mwezi uliopita hapa Bergen, mji wetu wa mvua, akiwa na miaka themanini na moja. Narudia: Bi Torbjørg Nesheim, fundi cherehani mstaafu wa Laksevåg, mama yake Gunnvor.

Alikuwa mtu wa kushuku. Nilipomtembelea mara ya kwanza aliniuliza nani kanituma, kisha akanusa keki niliyomletea. Nilimpenda papo hapo.

Sababu alikuwa nayo. Yeye na marehemu mumewe walinunua nyumba yao mwezi Mei, jua linawaka. Chumba cha chini kilikuwa cheupe, kinapendeza. Septemba ilipofika, viazi vyao vilikuwa vinaelea humo. "Tulinunua rangi," alizoea kusema, "nyumba tukapewa nyongeza."

Sasa basi. Miaka sita iliyopita Gunnvor alipata nyumba ya kununua mtaa wa Sandviken. Akiba yake ya miaka kumi na minne ilikuwa iingie humo. Yote, wasikilizaji. Siku ya kuoneshwa, dalali alikuwa ameoka maandazi ya iliki, na watu wakalainika. Bi Torbjørg hakugusa andazi. Alishuka chini, akakuta ukuta mmoja tu una rangi mpya. Akapanda kumuuliza dalali, "Huu mmoja una nini hata ukashonewa nguo peke yake?"

Dalali alicheka. Akamsogezea sahani ya maandazi.

Ilikuwa siku ya tisa bila mvua. Siku ya tisa, Bergen! Hata hilo mama alilishuku.

Kesho yake dalali akapiga simu: kuna mnunuzi mwingine, fanyeni haraka. Gunnvor, simu mkononi, akamgeukia mama yake.

"Mama, nyumba inaondoka, na wewe unasubiri mvua?"

"Mwanangu, hapa ni Bergen, haitachelewa. Huyo mwingine mwambie anunue."

Akaichukua simu ya binti yake, akaikalia. Siku tatu hakuirudisha.

Alhamisi mvua ikaja. Wakavaa makoti, wakaenda kugonga mlango wa nyumba ile. Rangi mpya ilikuwa imevimba, maji yamefika kwenye ngazi. Na yule mnunuzi mwingine? Mpaka leo sijui kama aliwahi kuzaliwa. Gunnvor akataja bei mpya, baada ya kupunguza gharama ya kuchimba mfereji na kuziba ukuta. Mwenye nyumba akakubali. Gunnvor anaishi humo hadi sasa, miguu mikavu.

Juzi alikwenda Laksevåg, maana nyumba ya mama sasa inauzwa. Dalali alikuwa ameshamshauri apake rangi chumba cha chini. Ukutani akakuta maandishi ya chaki, mkono wa mama yake: "Hapa panavuja maji, upepo wa mvua ukitoka kusini-magharibi. Mnunuzi, usikubali kudanganywa, hata na binti yangu."

Gunnvor anasema alicheka, kisha akakaa kwenye ngazi akalia. "Hata mimi alinishuku," aliniambia. "Na alikuwa na haki. Kopo la rangi lilikuwa mkononi mwangu."

Gunnvor, na jamaa wote wa Nesheim, poleni sana. Tumempoteza mtu ambaye shaka yake ilikuwa upendo. Nasi tuliobaki tujiulize, kabla ya kumshuku anayetuuzia: sisi tunapouza, tumefunika nini?

Nyumba ya Laksevåg itaoneshwa Jumapili saa sita mchana. Kopo limerudishwa dukani. Chaki haijafutwa.