Dakika ya Kumi na Moja

Benchi letu liko mtaa wa Sofia, hapa Voi, mbele ya kinyozi ambaye hafungui kabla ya saa nne, kwa hiyo kivuli chake cha asubuhi ni chetu. Mimi ndiye mwenye birika, muuza kahawa. Mwisho wa kulia hukaa Rejeta. Jina lake ni Kiilu, ametengeneza malori miaka thelathini, na kila ugonjwa duniani kwake ni rejeta, yale mabati ya kupozea maji ya injini. Katikati ni Sylus, tunamwita Mawingu kwa sababu zamani alikuwa anapima mvua, na hata leo hakusalimii kabla hajatazama juu. Mwisho wa kushoto ni Tryphena, Mama Friji, muuza barafu na maji baridi. Jumanne ile niliwamiminia kahawa, nikakaa kwenye kigoda changu, nikaweka mto magotini, na juu ya mto nikaweka laptopu.

Shida yangu walikuwa wanaijua. Mjukuu wangu Moureen, kabla hajaenda kazini Eldoret, alimrekodi babu yake akisimulia maisha yake. Danson wangu alikaa sebuleni akaongea karibu saa nzima, kwa Kidawida, lugha ya kwetu milimani Chawia. Miezi mitatu baadaye tukamzika. Moureen akaniachia laptopu yenyewe na sauti ndani, akanionyesha pa kubonyeza, akaniwekea na namba ndogo pembeni mwa skrini. Hiyo namba ni joto la prosesa, ule moyo wa mashine. Ikipita tisini na kitu, mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Aliahidi kuja Desemba aihamishie sauti kwenye simu yangu. Sasa ilikuwa Februari, na mashine ilikuwa inazimika dakika ya kumi na moja, kila siku. Kuruka mbele nilijaribu mara moja, nikafungua mambo nisiyoyajua, nikaogopa nitamfuta.

Na dakika ya kumi na moja ndipo anaposema: siku nilipomwona nyanya yenu mara ya kwanza, alikuwa anatoka kisimani, naye alikuwa amebeba. Hapo hapo skrini inakuwa nyeusi.

Danson hakuwa mtu wa maneno mengi. Miaka arobaini na sita tumelala kitanda kimoja, na habari ya siku hiyo hakuwahi kunipa. Akaja kuiambia mashine.

— Ulikuwa umebeba nini kwani? akauliza Mama Friji.

— Ningejua ningekuja hapa?

— Si ni wewe uliyebeba, Mama Mkamburi?

— Nimebeba vitu vingi, Tryphena. Siku yenyewe siijui. Anayeijua ni yeye.

Rejeta akaishika, akaigeuza chini juu akitafuta mahali pa kumwagia maji. Alisema injini yoyote bila maji haifiki hata Maungu, mji wa hapo jirani. Nilimnyang'anya. Mawingu naye akatazama juu, akasema kosa ni la Voi. Joto hili hata mjusi anahema, sembuse kitu cha ofisini. Niipeleke Chawia, ukungu unaoingia mpaka jikoni uikute, itadhani imerudi kwao Ulaya. Nikamwambia nyumba ya Chawia imefungwa, na tuliyekuwa tunaifungua pamoja hayupo. Akanywa kahawa yake.

Mama Friji akasema kwa nini mnaenda mbali na friji iko hapo ng'ambo. Ataiweka kati ya soda na matumbo, dakika kumi tu. Rejeta akamkumbusha simu ya mpwa wake aliyoiweka humo mwaka jana. Ilitoka na machozi ndani ya kioo, na mpaka leo inaonyesha nusu ya kushoto peke yake.

— Lakini ilipoa, akasema Mama Friji.

Mawingu hapendi kushindwa mapema. Akaweka kikombe chini, akakunja mikono.

— Nyinyi mnahangaika bure. Shida ni lugha. Hii mashine imesoma Kizungu. Mzee anaimwagia Kidawida cha ndani kabisa, cha wazee wa Chawia. Inatafuta kila neno, haipati. Inatoka jasho. Dakika ya kumi na moja inakata tamaa.

— Basi tumtafutie mkalimani, akasema Rejeta.

— Wewe cheka tu. Kwani redio yako ya Kikamba huwa haipati moto?

Nilicheka na mimi. Halafu nikasikia nimecheka kwa pua, vile Danson alikuwa anacheka, nikaacha.

Nikaiwasha waone wenyewe. Hapo niseme kwamba laptopu yangu haikuwa uchi. Moureen alinionya kuwa vumbi la Voi ndilo adui yake mkubwa, nami nikaisukia nguo ya uzi wa manjano, yenye vishada, imeikumbatia chini na ubavuni kote, ikaacha skrini na vile vidude vya kuandikia. Redio yangu ina kitambaa, makochi yana vitambaa, hata birika la sebuleni lina chake. Hii ingekaaje bila nguo mbele za watu?

Danson akaanza kuongea na benchi likatulia. Namba ikasema sabini na moja. Alipofika kwa mamake na mbuzi waliopotea, ilikuwa themanini na tatu. Katikati ya mbuzi akafika mama mmoja na katoni, akaomba kahawa, nikamwonyesha kwa mkono angoje. Akaiweka katoni kwenye benchi, akasimama kusikiliza, Kidawida anakisikia kama sisi. Tisini. Tisini na nne. Naye alikuwa amebeba.

Skrini ikawa nyeusi. Kilichobaki ni vifaranga, wanalia ndani ya ile katoni.

Mama huyo alikuwa Loise, wa Njukini kule Taveta, amekuja kuchukua vifaranga wa siku moja. Katoni yake alikuwa ameitoboa kwa msumari, matundu pande zote nne. Akaitazama laptopu yangu, juu ya mto wake, ndani ya manjano yake.

— Samahani mama, akasema. Na hiyo inapumulia wapi?

Mawingu akatazama juu. Mama Friji akashika kishada kimoja cha ile nguo, akakiachilia polepole.

Nikampigia Moureen.

— Nyanya, umeifunika?

Nikavuta kishada kimoja.

— Nyanya.

— Ni kinguo kidogo tu.

Alicheka mpaka nikajua anapangusa macho. Kisha akatufundisha. Ivuliwe. Isikae kwenye mto wala mapajani, ikae pagumu, iinuliwe hewa ipite chini. Ifunguliwe chini ipigwe brashi, na ile feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza. Rejeta akaleta bisibisi na brashi mpya ya rangi. Ndani tulikuta uzi wangu na udongo mwekundu, vimeshikana kama kiota. Nyuma yake kulikuwa na kitu cha mabati membamba membamba, kimekaa mbele ya feni.

— Hii ni nini? akauliza Rejeta kwa upole sana. Mawingu, wewe uliyesoma, niambie hii ni nini.

— Haya, ni rejeta, akasema Mawingu.

Walimaliza kahawa zao, nami yangu, ili tupate vikombe vyote vinne vya kugeuza chini, kimoja kila pembe. Nguo ya manjano nikaishika mkononi. Nikabonyeza.

Mamake, mbuzi, njia. Namba ilipanda mpaka sitini na saba ikakaa hapo. Dakika ya kumi na moja ikafika.

"Naye alikuwa amebeba ndoo kichwani, na mkononi sindano na uzi, anasuka huku anatembea. Haangalii njia. Nikasema huyu ataanguka. Nikamfuata nyuma mpaka kwao, nikingoja aanguke nimshike. Hakuanguka."

Halafu akaendelea na habari za shamba la mkonge, kama mtu ambaye hajasema lolote.

Mama Friji aliangalia barabarani. Loise ndiye aliyeongea, kwa sauti ya chini asimkatize mzee.

— Na yeye, mama? Siku hiyo yeye alikuwa amebeba nini?

Nikaikunja ile nguo mara mbili, nikaikunjua. Alikuwa nyuma yangu njia nzima, kutoka kisimani mpaka mlangoni kwa baba. Sikugeuka nikaona alichobeba.

Danson alikuwa bado anasimulia mkonge. Namba ilikuwa sitini na saba. Baadaye Loise akakumbuka kahawa yake, nikamwambia angoje kidogo, vikombe vina kazi.