Maud Pinnegar na Lango la Kulungu Mweupe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, chai isipoe. Asubuhi hii tunamkumbuka Maud Pinnegar, aliyeendesha Kulungu Mweupe, ile nyumba ya wageni ya hapa kwetu Chelbury. Maud amefariki Jumanne, nyumbani kwa bintiye Averil. Ndiyo, Maud wetu, Maud wa Kulungu Mweupe.

Mnaijua nyumba ile. Mbele ni matofali mekundu na madirisha yaliyonyooka, kama mtu aliyeazima koti la kwendea harusini. Nyuma ya koti kuna nyumba kongwe ya mbao za mwaloni, imejipinda kila upande. Sakafu zina mteremko, hata Maud akawa anaweka vibao chini ya miguu ya vitanda, wageni wasiamke wamerundikana ukutani. Katikati kuna lango refu, kwa kuwa magari ya farasi yalipita na abiria wamekaa juu ya paa la gari. Reli ilipokuja, magari yakaisha. Ua ukabaki na roshani yake ya mbao. Simama pale asubuhi ya ukungu, utaapa kwato zinakuja. Mimi nimezisikia. Nichekeni tu.

Kwa lango hilo sote tulikatiza kwenda kanisani na sokoni. Lakini kampuni yenye nyumba ilimpa Maud sharti moja: kila Krismasi alifunge kutwa. Sheria yetu mnaijua. Watu wakipita mahali miaka ishirini bila kuzuiwa, njia inakuwa yao. Kufunga siku moja kwa mwaka ni kuwakumbusha kuwa ina mwenyewe.

Krismasi ya kwanza Maud akatoka na ufunguo. Alinisimulia mwenyewe, hapa hapa studioni. Mara mzee Tapper huyo, na sinia la viazi vya kuoka, anampelekea dada yake upande wa pili wa ua.

"Maud, unanifungia mlango na viazi vyangu mkononi?"

"Nani kasema nafunga? Naangalia kutu."

"Basi angalia upesi, vinapoa!"

Maud akarudi ndani na ufunguo wake. Mwaka uliofuata, vilevile. Ikapita miaka ishirini na zaidi, lango halijafungwa.

Kisha kampuni ikataka kuliziba lango ili ipate vyumba vya kuuza. Mji ukapinga. Shauri likasikilizwa ukumbini, na lote likaning'inia kwenye neno la Maud. Naye Maud alikuwa mpangaji wa kampuni hiyo hiyo. Akisema alifunga, anabaki kwake. Akisema hakufunga, anafukuzwa. Nasema tena: akisema kweli, anafukuzwa.

Averil ananiambia: "Nilimsihi. 'Mama, sema tu hukumbuki, nani atakulaumu?' Akanijibu, 'Averil, mwanangu, nakumbuka mpaka harufu ya viazi.'"

Wakili wa kampuni akamuuliza, "Bi Pinnegar, ulilifunga lango?"

"Sikulifunga."

"Hata Krismasi moja?"

"Hata moja."

"Na sharti ulilijua?"

"Nililijua vizuri, kijana wangu. Na nikalivunja vizuri."

Ukumbi ukaangua kicheko. Njia ikawa yetu. Kabla maua ya masika hayajachanua, Maud akahamishwa, na vitanda vikauzwa pamoja na vibao vyake. Vyumba vya juu sasa vina wenyewe wengine. Sisi tunakatiza uani kila siku na mikate yetu na mbwa wetu, na chini ya lango mvua haitupati.

Lakini Maud hakupita tena pale. Sikujua hadi jana, Averil aliponiambia. Alizunguka kwa barabara ndefu, na mkoba wake, hata magoti yalipomuuma. "Nilimuuliza, 'Kwa nini, Mama?' Akasema, 'Nikipita, nitataka kuingia jikoni.'"

Averil, pole sana, wewe na ukoo wote wa Pinnegar. Mji huu unalia nanyi, na mimi nalia nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkikatiza mahali popote kwa raha zenu, jiulizeni ni nani alizungukia mbali ili ninyi mpite.

Mazishi ni kesho. Saa nne asubuhi jeneza litaingia langoni na kuvuka ua kwenda kanisani. Averil ndiye aliyeomba hivyo. Njooni tusimame kando, tumpishe.