Vigingi Vitatu Mbele ya Mkahawa Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokosa nafasi mkaketi nje, maana mimi nje ndiko alikoniokoa.

Miaka ile ya hamsini, mkoloni angalipo, nilikuwa mjane wa watoto wanne, nikiuza chai na mahamri kando ya barabara pale Msambweni. Ndani ya kimkahawa changu ilienea meza moja tu. Wanawake waliotoka Gazi kuwatazama wagonjwa wao hospitali hawangebanana na wanaume mle. Walikaa nje, kwenye mabenchi yangu mawili. Mabenchi hayo ndiyo yaliyowalisha wanangu.

Ikatoka amri: asiye na kibali asiweke kiti kando ya barabara. Nikapanda hadi Kwale kuomba. Akaja mpimaji, Bwana Ngome, akapigilia vigingi vitatu vya chuma kuonyesha mwisho wa mabenchi, akanipa karatasi. Kusoma sijui. Nikaifunga kwenye pindo la leso, ninapofunga kila cha thamani.

Ndugu zangu, vigingi vile nilivichukia! Kila siku mtu alijikwaa. Nikashika nyundo niving'oe. Jirani yangu Mwanasha binti Hamisi, Mwislamu mcha Mungu, akanizuia: "We Lidia, hivyo si vyako. Viache." Nikaviacha, nimenuna.

Siku ya kufua nikaifua leso. Karatasi ikawa uji!

Kesho yake akaja karani mgeni kutoka Kwale, Bwana Athumani, na askari wawili.

"Mama, kibali?"

"Nimekifua, baba."

"Umekifua! Na pasi umekipiga?"

Wateja wakaangua kicheko. Askari wakainua benchi la kwanza, mteja wangu Bi Mejumaa angali na kikombe mkononi.

Nikalia, "Yesu, wanangu!" Nikarudi nyuma, nikajikwaa kwenye kigingi, nikaanguka pu! Bwana Athumani akaja kuniinua, akakiona kile chuma. Akainama, akakifuta mchanga.

"Nani alikipigilia hiki?"

"Mpimaji wenu, Bwana Ngome."

Akavitafuta vyote vitatu. Akavipata. Kisha akawaambia askari, "Rudisheni benchi. Ngome hapigilii kigingi pasipo kibali." Akanigeukia. "Nitakuandikia karatasi nyingine, mama. Hii itundike ukutani, usiifue!"

Haleluya! Kile nilichotaka kuking'oa ndicho Bwana alichoniwekea. Wanangu wakala, wakakua, na Mwanasha akanywa chai yangu hadi alipofariki.

Ndugu yangu, una jambo linalokukwaza leo? Weka nyundo chini kwanza, umwite Yesu. Na wewe uliyeketi huko nje, njoo. Kwake hakuna wa kukuinua kitini.