Karani Achagua Moto

Benchi la mbele ya kibanda cha kahawa lina miguu mitatu na tofali moja, na wazee wanaolikalia hawaoni haya kufundisha watu ufundi. Asubuhi ile mwanafunzi alikuwa Karani, mstaafu wa masjala. Mkewe aliteleza kwenye ngazi za uani akaumia nyonga, naye Karani akamwapia: bomba la kushikia pale ngazini nitalichomelea mwenyewe, kwa mkono wangu. Siku ya kumi hiyo, bado alikuwa anachagua njia ya kuchomelea.

— Mashine ya waya, alisema Kinyozi. Unabonyeza tu, waya unatoka wenyewe kama dawa ya meno. Hata mimi naiweza.

— Wewe unaweza nini? Juzi nusura uninyoe sikio! alidakia Profesa, ambaye kazi yake ni kutengeneza saa. Karani, chukua gesi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Gesi na tembo wapi na wapi? aliuliza Kinyozi.

— Vyote vinapanda kichwani.

Karani akafuta “waya” kwenye daftari, akaandika “gesi”. Hofu yake hakuitaja: tangu azaliwe hajawahi kushika kitu cha moto kuliko pasi.

— Na vile vijiti vya umeme? aliuliza Karani.

— Thubutu! alisema Kinyozi. Binamu yangu alichomelea kwa vijiti, cheche zikamwingia mwilini. Mpaka leo akishika redio, inakamata stesheni bila antena.

— Hilo dogo, alisema Profesa. Kuna njia ya jua. Unategesha kioo, unasubiri saa sita kamili, chuma kinaungana chenyewe. Mwenda pole hajikwai.

Karani akaandika “kioo”.

Nyuma yao alisimama mama mmoja akisubiri kahawa, aproni yake ya ngozi imetobolewa na cheche. Alikuwa mchomeleaji mgeni wa karakana ya jirani.

— Shikamooni wazee. Hilo bomba lina unene gani?

— Marahaba. Milimita tatu. Nimelipima mara nne. Ni la mke wangu kushikia kwenye ngazi za uani, ameumia nyonga.

— Na mtaliungia nje, penye upepo? Basi vijiti vinatosha. Mashine ya waya hukinga mshono kwa gesi, na upepo unaipeperusha. Njoo kwangu ujaribu kwenye vyuma chakavu mpaka mkono utulie.

Akapuliza kahawa yake.

— Kwa sasa mama anashika nini pale ngazini?

— Ananishika mimi, Karani alijibu kwa fahari.

— Na wewe sasa hivi uko wapi?

Profesa akaanza methali nyingine. Karani alikuwa keshafika kona, ndara moja mguuni, nyingine mkononi.

Wiki mbili baadaye bomba lilisimama. Maungio aliyoyachomelea Karani yalikuwa na mabonge kama uji uliokorogwa vibaya. Mkewe aliliegemea kwa uzito wote, halikutikisika.

— Baya kweli, mume wangu, alisema, kisha akashuka ngazi peke yake.